Mnaua mbwa, waya mnauacha porini

Mambasa, Ituri.

Tangu wiki kadhaa kila mtu anayefika hapa mjini kutoka vijijini anakuja na habari ileile: mbwa wanauawa. Mmoja kwa risasi, mwingine kwa sumu iliyotiwa ndani ya kipande cha nyama, mwingine kwa magongo mbele ya watoto wa mwenyewe. Ukiuliza sababu unapewa mbili. Ya kwanza, mbwa ndiye anayemaliza nyama porini. Ya pili, mbwa anauma watu na kuwaletea wazimu. Wanaotoa amri hizo ni wakubwa, na sisi hatutataja majina yao wala ofisi zao. Wao wenyewe wanajijua, na tunajua wanatusoma.

Jibu letu ni hili: mnapiga asiyehusika. Anayemaliza pori letu ni waya. Na waya hakuna anayeugusa.

Asiyejua kuwinda na mbwa anafikiri mtu anafungulia mbwa kumi msituni, halafu jioni anarudi na mlima wa nyama. Haiendi hivyo. Mbwa wa huku kwetu habweki ovyo kama wale wa mjini, anafukuza kimya. Ndiyo maana ndugu zetu Waefe na Wambuti, pamoja na Balese na Babila wanaoishi nao, wanamvalisha kengele ya mti shingoni. Wakiwa njiani kengele inajazwa majani ili isilie. Wakifika mahali penyewe majani yanatolewa, na tangu hapo watu wanafuata sauti. Kengele ikienda mbio, mbwa ameona mnyama. Ikizungukazunguka sehemu moja, amemzuia. Ikinyamaza ghafla, kila mtu anakimbia, kwa sababu pengine ni chui, na chui anapenda sana nyama ya mbwa.

Hiyo ni kazi ya mchana, ya watu wanaotembea kwa miguu na kuchoka. Mvua kubwa ikinyesha imekwisha. Watu wengi wanarudi na mboloko mmoja wa kugawana, au nungu, na siku nyingine wanarudi na kuni tu. Mwindaji anaona kwa macho yake kitu kilicho mbele ya mkuki. Akitaka kukiacha anakiacha, anaita mbwa wake na kwenda.

Hata mtegaji wa zamani alikuwa hivyo. Wazee wetu walitega kwa kamba za magamba ya miti. Kamba ya namna hiyo inaoza, ikipita majira ya mvua haishiki tena kitu. Basi mtegaji alilazimika kupita njia ya mitego yake kila mara, na mbwa alikuwa nyuma yake. Mbwa huyo hakuwa wa kufukuza. Kazi yake ilikuwa kusimama na kusimamisha nywele za mgongo pale ambapo chui au nyoka yuko karibu na mtego, na kumtafuta mnyama aliyekata kamba akaenda kufia mbali. Usiku alilala mbele ya kibanda. Mtu peke yake katika pori lile, siku tatu au nne mbali na kijiji, alikuwa na mwenzake anayesikia kabla yake. Leo tungesema mlinzi asiyelipwa.

Sasa angalieni waya. Kila mahali penye fundi wa pikipiki kuna kebo za breki na za klachi zilizokatika, na kila kebo iliyokatika ina mnunuzi. Anaifungua nyuzi zake, kebo moja inatoa mitego kadhaa. Anakunja mti mdogo, analaza kitanzi njiani mwa wanyama, kazi imekwisha. Kitanzi hakilali, hakichoki, hakijui jike wala dume wala mtoto. Kinachukua mboloko, kinachukua okapi anayelindwa na sheria, kinachukua mguu wa chui, kinachukua mguu wa mtoto wa tembo. Na kinachukua mbwa. Pitieni vijiji vya barabara ya Epulu, hesabuni mbwa wenye miguu mitatu, kisha mniulize ni nani anayemuumiza mwingine.

Mtegaji wa biashara anaweka makumi ya vitanzi kwa njia moja. Harudi kesho. Anarudi baada ya siku nne, baada ya wiki, kwa sababu ana njia nyingine upande wa pili wa mto. Kwa joto na unyevu wa pori letu, nyama haingoji siku mbili. Iliyooza kabisa inatupwa palepale. Iliyoanza kunuka inawekwa juu ya moshi na kupelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mchimbaji mwenye njaa hana muda wa kunusa. Na sisi tuliokuwa hapa wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoanzia Mangina na kuingia hadi kwetu Mambasa, tulisikia mara ngapi kwamba mtu asiokote mnyama aliyekutwa amekufa? Njia ya waya kwa siku ya saba ni soko la wanyama waliokutwa wamekufa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa teritwari hii tunalijua kuliko wote. Vita ikija, watu wanakimbia. Vijiji vingi vya upande wa Biakato na vya barabara ya kwenda Komanda vimekimbia mara moja, mara mbili, wengine wamekimbia hata kuhesabu wamechoka. Mtu akikimbia, mbwa wake anamfuata, au anakaa na njaa kijijini mpaka afe. Uwindaji wa mbwa unasimama siku hiyohiyo. Waya hausimami. Mwenyewe yuko kwenye kambi ya wakimbizi Bunia au Beni, na vitanzi vyake bado vinaua nyama ambayo hakuna mtu atakayeila. Mwezi baada ya mwezi, bila faida kwa mtu yeyote. Huyo ndiye mwindaji mnayemwacha akitembea huru.

Wanaotuambia kwamba mbwa ndiye anayemaliza wanyama wakumbuke pia historia ya hapa. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini. Sababu zilizotajwa ni vita, kuporwa kwa vifaa vya hifadhi, kuuawa kwa tembo, kuingia kwa wachimba dhahabu. Tarehe 24 Juni 2012 watu wa Morgan walipovamia kituo cha Epulu, waliua watu, walichoma majengo, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakafa. Ilikuwa kazi ya bunduki. Mbwa mwenye kengele ya mti shingoni hajawahi kubeba pembe ya tembo hata moja hadi Kampala.

Hatusemi mbwa aingie kila mahali. Pale ambapo sheria imefunga uwindaji kabisa, mbwa abaki nyumbani pamoja na mwenyewe. Sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 ipo, ile ya kulinda mazingira ya mwaka 2014 ipo, na anayezivunja ajibu. Na kuna hoja moja ya watu wa uhifadhi ambayo ni ya kweli, tena ni nzito kuliko ile wanayoipigia kelele: magonjwa. Mwaka 1994, kule Serengeti nchini Tanzania, ugonjwa wa mbwa unaoshambulia mapafu na ubongo uliingia kwa simba, na karibu simba mmoja kwa watatu alikufa. Mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi ndio waliotajwa kuwa chanzo. Lakini dawa ya jambo hilo ni sindano. Baada ya msiba ule, mbwa wa vijiji vile walianza kuchanjwa. Huku kwetu tumeruka hatua ya sindano, tumekwenda moja kwa moja kwenye gongo.

Cha kushangaza ni kwamba nchi hiihii inajua thamani ya mbwa. Kule Rumangabo, kwenye hifadhi ya Virunga, tangu mwaka 2011 kuna kikosi cha mbwa waliofundishwa kunusa na kufuata njia ya majangili. Ni mbwa wa jamii ya bloodhound, wenye masikio marefu. Wana vibanda vyao, wana mganga wao, wanakula kwa saa. Hatuwaonei wivu, wanafanya kazi nzuri. Tunauliza tu: mbwa mwenye asili ya Ulaya akifuata harufu msituni anaitwa msaidizi wa askari, na mbwa aliyezaliwa Lolwa au Mandima akifuata harufu ileile anaitwa mharibifu. Tofauti yao iko kwenye pua, au iko kwa mtu anayeshika kamba?

Na huyo mbwa wa Lolwa mnayemdharau, wazungu wamemtafuta zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1895 waliwapeleka wawili katika maonyesho ya Crufts, Uingereza, na wakafa kwa ugonjwa muda si mrefu. Mwaka 1937 wakaonyeshwa wengine, wametoka Kongo hii. Leo wako Ulaya na Marekani kwa maelfu, wana vitabu vya ukoo, baba na babu wanaandikwa. Kisha wafugaji wa kule wakaona kwamba damu imekuwa finyu, ugonjwa wa figo unapita kutoka mzazi hadi mtoto. Walifanya nini? Walipanda ndege. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walikuja Zaire hadi kaskazini-mashariki, kijiji kwa kijiji, kutafuta mbwa wa wawindaji, na mwaka 1990 daftari la mbwa wa jamii hiyo Marekani likafunguliwa upya kwa ajili ya hao waliotoka kwetu. Jina lao kule ni Basenji. Kila anayesema Kiswahili anasikia kilichomo ndani yake: mbwa wa basenji, yaani wa washenzi. Tuliitwa washenzi, mbwa wetu akaitwa hivyohivyo, kisha akathaminiwa yeye. Sisi tunamvunja kichwa.

Sasa tugeukie wenye mbwa, kwa sababu nao wana maneno ya kusikia, na wasifikiri makala hii imeandikwa ili kuwapaka mafuta.

Wengi wenu mnasema mbwa mwenye njaa ndiye anayewinda vizuri. Uongo huo mmeurithi na hamkuupima. Mbwa mwenye njaa anakula mnyama kabla hujafika. Anaiba kuku za jirani, anauma mbuzi, na hapo ndipo kapita anapata sababu ya kumuua. Anatoka usiku peke yake kutafuta chakula na anaangukia kwenye waya. Mwingereza Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti karibu na Epulu katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1961, aliwapenda watu wale kupita kiasi, lakini hakuficha jinsi mbwa wa kambini walivyopigwa. Miaka zaidi ya sitini imepita na mateke ni yaleyale. Wengine bado wanamtia mbwa pilipili na majani makali puani ati anuse vizuri. Pua iliyoungua inanusa nini?

Wanaojua kazi hii hawafanyi hivyo, na bado wako, ulizeni wazee. Mbwa mdogo anaanza kutembea na mama yake, kwanza mashambani, halafu kwenye njia fupi. Anafundishwa jina lake na mluzi mmoja, na mluzi ule ukilia anarudi hata kama mboloko yuko mbele ya pua yake. Kurudi kwake kunalipwa kwa chakula, si kwa fimbo, kwa maana ukimpiga aliporudi, kesho hatarudi. Wa njia ya mitego anafundishwa kutembea nyuma ya kisigino na kutogusa kitu kilicho mtegoni. Anapewa fungu lake kijijini, utumbo na kichwa, vikiwa vimechemshwa, kwa sababu nyama mbichi inampa minyoo, naye anaileta ndani ya nyumba kwa watoto. Kabla ya kumwingiza porini anazoezwa na kamba laini shingoni na mguuni, aikaze mara moja, kisha asimame angoje mtu. Hilo la mwisho linaonekana mchezo, lakini ndilo linalomwokoa. Mbwa asiyefundishwa akinaswa anavuta, na kila anapovuta kitanzi kinaingia ndani ya nyama. Aliyefundishwa analala chini na kulia. Ukimfikia usimvute pia, sukuma mnyororo wa waya urudi nyuma, au ukate. Mtu anayekwenda porini na mbwa bila koleo ya kukatia waya hampendi mbwa wake. Na kila waya unaoukata, rudi nao nyumbani. Usiutupe palepale, mwingine atautega kesho.

Linganisheni wenyewe. Mwenye kazi hiyo anatumia karibu mwaka mzima kumlea mbwa mmoja. Hawezi kumaliza pori, hana hata muda. Wa kebo anahitaji asubuhi moja.

Inabaki sababu ya pili ya wakubwa, ile ya wazimu wa mbwa. Hapo hatuchezi. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mara nyingi unakaa mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kutokea, na ndiyo maana watu wanadanganyika kwamba kidonda kimepona na mambo yamekwisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba karibu watu wote wanaoupata, 99 kwa mia, wanaupata kwa mbwa. Mtoto akiumwa, kidonda kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha apelekwe kituo cha afya kutafuta chanjo. Asipelekwe kwa anayechoma kidonda wala kwa anayepaka unga wa jiwe jeusi.

Lakini swali letu ni kama kuua mbwa kunazuia ugonjwa. Jibu linajulikana, na shirika lilelile limelisema miaka mingi: hapana. Kinachozuia ni kuchanja mbwa 70 kwa mia wa eneo moja, na kurudia. Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Amri ya kuua ikitoka, mwenye mbwa mzuri anamficha porini au anampeleka kwa shemeji yake kijiji cha pili, na kama ana ugonjwa, ugonjwa umesafiri. Wanaouawa ni wale waliokuwa wanalala mlangoni, wakiwemo wachache waliochanjwa kwa jasho la mwenyewe. Mwezi ujao watu wanaleta watoto wa mbwa kutoka kwingine, hakuna aliyechanjwa, na mnaanza upya. Chanjo kwa watu ilitumiwa na Pasteur kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Mwaka 1885! Mambasa tunajibu kwa gongo.

Mtatuambia hakuna pesa, barabara ni mbaya, chanjo inataka baridi. Yote ni kweli. Lakini pikipiki zinazobeba bia baridi hadi kwenye machimbo zinapita barabara ileile. Watu wa chanjo za watoto wanajua kubeba sanduku la barafu hadi mwisho wa njia ya miguu, walifanya hivyo hata kwa chanjo ya Ebola, iliyohitaji baridi kali kuliko barafu ya kawaida. Na risasi pia zinanunuliwa. Kila siku ya 28 Septemba dunia inaadhimisha siku ya kupambana na ugonjwa huu. Kwetu inapita bila hata tangazo redioni.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa mambo machache. Amri ya kuua mbwa isimamishwe, mpaka mganga wa wanyama wa teritwari apewe chanjo na siku ya kupita kijiji kwa kijiji. Mbwa aliyechanjwa avae alama shingoni, hata kama ni kitambaa chekundu na kengele yake. Asiye na alama mwenyewe alipe faini, na mbwa wa kweli mgonjwa auawe bila mateso, hilo hatulipingi. Walinzi wapewe hesabu mpya: badala ya kuulizwa wameua mbwa wangapi, waulizwe wamerudi na kilo ngapi za waya. Na mafundi wa pikipiki wa Mambasa, Nia-Nia na Biakato, ambao tunawaheshimu maana bila wao hatufiki popote, waambiwe kwamba kebo mbovu inakatwa vipande vifupi kabla ya kutupwa. Kazi ya dakika moja.

Nao wenye mbwa waache kungoja serikali kwa kila kitu. Kamati ya kijiji inaweza kuanza jumapili hii kupita njia za zamani na kukata vitanzi vilivyoachwa na waliokimbia. Wenye njia hizo wakirudi na kulalamika, waje kulalamikia barazani mbele ya watu, waseme waya ulikuwa wao.

Shirika la raia limetuahidi kuitisha mkutano huo mbele ya ofisi ya kapita, na wakubwa wote wamealikwa. Waje na orodha ya mbwa waliowaua. Sisi tutaleta waya, tuuweke chini na kuupima mbele ya kila mtu. Tutakuwa pale na kamera, na matokeo mtayasoma hapa.